Lumbesa na kiuno cha kuli

Shemeji yangu alikuwa anarudi Muscat, na begi lake likamgomea kwenye mizani ya uwanja wa ndege. Kilo 35. Akatoa pochi bila wasiwasi maana amezoea: tiketi inampa kilo 23, zinazozidi analipia, mambo yanaisha. Safari hii dada wa kaunta akamwambia fedha haisaidii. "Begi moja mwisho wake 32, kaka. Hata ulipe halipiti." Tukachutama palepale mbele ya foleni, tukafungua zipu, tukatoa korosho, dagaa wa Kigoma na doti mbili za khanga, tukavihamishia kwenye mkoba wa mkononi. Shemeji akanung'unika kwamba dude kubwa kama lile haliwezi kuangushwa na kilo tatu. "Siyo ndege," dada akajibu bila kuinua macho. "Ni wale vijana wanaopakia."

Ndege yake iliondoka usiku mkubwa. Nikarudi kwa njia inayopita kwenye soko moja la jumla, na pale nikakuta Fuso imeingizwa kinyumenyume, turubai limeshafunuliwa, viazi vimefika kutoka Nyanda za Juu Kusini. Kijana mmoja yuko juu ya mzigo, anasukuma gunia hadi ukingoni. Chini amesimama mwanamume mtu mzima, nywele zimeshaingia mvi, ngata ya kitambaa kikuukuu imekaa kisogoni. Anageuka, anainamisha kichwa, anapokea gunia kati ya shingo na mabega, anayumba nusu hatua, anajiweka sawa, kisha anapanda ubao uliotandazwa juu ya mtaro. Ubao unapinda. Gunia lenyewe limeongezwa kichwa cha kamba zilizosukwa, viazi vimepangwa juu ya mdomo wake kama kilemba. Saa tisa usiku.

Nilimwomba dalali tupime moja. Akakubali kwa kunicheka. Kilo 128. "Na hili ni la wastani," akasema.

Gunia hilo tunalijua wote, ndilo lumbesa. Limepigiwa kelele bungeni na kwenye redio, wakuu wa mikoa wamesimama barabarani kulikamata. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mazao ya shambani yasifungashwe kwa zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo hutoa onyo kila msimu. Majirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi: kanuni zao za viazi za mwaka 2019 zilishusha gunia hadi kilo 50, baada ya miaka mingi ya kuhangaika na magunia ya kuongezwa kichwa ambayo wao waliyabandika jina la mukorino. Lakini sikiliza hoja inayotolewa, huku na kule. Ni moja tu: mkulima anaibiwa. Analipwa bei ya gunia moja, mnunuzi anaondoka na gunia moja na robo. Hoja ni ya kweli na sina ugomvi nayo. Ninachouliza ni kwa nini, katika kelele zote hizo, sijawahi kusikia mtu akitaja kiuno cha anayelibeba.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wahenga walivyolimaliza. Ila si kweli kwamba hatujui kupima mizigo ya watu. Kwenye lango la Machame, kabla mpagazi hajaanza kupanda Kilimanjaro na mahema ya watalii, mzigo wake unatundikwa kwenye mizani. Kikomo kilichowekwa na hifadhi ni kilo 20, vitu vyake mwenyewe pembeni. Kinakiukwa mara nyingine, kuna ujanja wa kupitisha mzigo baada ya lango, lakini kikomo kipo na mizani ipo. Mlimani mzigo unaonekana kwa sababu anayetazama ni mgeni mwenye kamera. Sokoni saa tisa usiku nani anatazama?

Tuseme sheria ya kilo 100 ifuatwe kesho, nchi nzima, bila kujuana wala chai. Mkulima atakuwa amepona. Kuli bado. Kilo 23, namba ileile ya tiketi ya shemeji, ndiyo iliyochukuliwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, iliporekebisha kanuni yake ya kunyanyua mizigo mwaka 1991. Na 23 si ruhusa, ni kianzio cha hesabu, kwa hali nzuri kuliko zote: mzigo uko karibu na mwili, una mahali pa kushika, unaunyanyua kutoka usawa wa mikono yako ukiwa umesimama, hujipindi, hurudii mara kwa mara. Kila sharti likivunjika namba inashuka. Mzigo uko chini sakafuni, punguza. Umejipinda, punguza. Hauna mkono wa kushikia, punguza tena. Ukishafanya hesabu ya kuli wa viazi unabaki na kilo chache ambazo hata mama anayetoka sokoni na kikapu chake anazizidi. Tena kanuni hiyo imetungwa kwa kunyanyua kwa mikono miwili tu. Kubeba shingoni na kupanda ubao hakumo kabisa.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikuwa na mkono mpole zaidi. Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967 linasema pale ambapo mwanamume mtu mzima anaruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe kushusha kiwango hicho haraka iwezekanavyo. Hiyo 55 ilionekana kubwa tangu enzi zile. Mfuko wetu wa saruji, wa kilo 50, unapita chini yake kwa kujibana. Sehemu kubwa ya Ulaya wameshaushusha hadi 25, na nyumba zao bado zimesimama.

Sasa tuingie ndani ya kiuno chenyewe, maana hapo ndipo usiku na uzito vinapokutana. Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna diski, mfano wa mto mdogo wa kulalia, wenye ute katikati na nyuzi ngumu pembeni. Kwa mtu mzima diski haina mishipa ya damu ya kuilisha. Inajilisha kwa kunyonya, kama sifongo: ukiwa umesimama na mzigo inakamuliwa, ukilala inavuta maji tena. Ndiyo sababu mtu akiamka asubuhi ni mrefu kuliko alivyolala, kwa sentimita moja hivi au zaidi. Mwaka 1999 watafiti wa Ulm, Ujerumani, walichapisha vipimo vya mtu mmoja aliyekubali kuwekewa kifaa ndani ya diski yake ya kiunoni. Alipoinama kwa mgongo wa duara na kunyanyua kilo 20, mgandamizo ulikuwa zaidi ya mara nne ya ule wa kusimama tu. Kilo 20. Hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu jaribio hilo lifanywe kwa 128, ingawa soko linalifanya kila usiku.

Kuna jambo jingine ambalo kila ninapolikumbuka namuona yule mzee wa ngata. Adams, Dolan na Hutton, watafiti wa Uingereza, walionyesha mwaka 1987 kwamba diski iliyotoka kujaa maji baada ya usingizi haipendi kuinamishwa. Mkazo wa kuinama mapema asubuhi ulizidi ule wa baadaye mchana kwa takriban asilimia 300. Miaka 11 baadaye Stover Snook na wenzake huko Marekani wakawafundisha wenye maumivu sugu ya kiuno jambo dogo tu, wasiiname katika saa za mwanzo baada ya kuamka, na maumivu yakapungua. Kwa mwenye kitanda na ofisi ushauri huo ni mwepesi: oga, kunywa chai, vaa viatu baadaye. Kuli analalaje? Analala juu ya magunia matupu akisubiri gari. Saa nne usiku hakuna gari, anajinyoosha. Sehemu kubwa ya maji hurudi kwenye diski katika saa za mwanzo za kulala, kwa hiyo saa tisa honi inapolia diski zake zimeshavimba vizuri. Anakurupuka, anafunga ngata, anainama chini ya gunia la kwanza ndani ya dakika tatu. Ukimwomba mhandisi abuni namna mbaya kuliko zote ya kutumia uti wa mgongo, sidhani kama atapata nyingine.

Watafiti wa kazi za zamu huandika zaidi kuhusu wauguzi na wafanyakazi wa viwandani, kwa sababu hao wana ratiba, na ratiba inaingia kwenye jedwali. Tunajua mengi kutokana nao. Mwaka 2007 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na mwaka 2019 likaipitia upya na kuiacha palepale. Mwaka 2017 Nobeli ya tiba ilikwenda kwa Hall, Rosbash na Young waliofumbua namna saa hiyo inavyotembea ndani ya seli. Karibu zaidi na mada yetu, watafiti wa Oslo waliwapima wauguzi baada ya zamu za usiku wakakuta wanahisi maumivu ya joto kwa ukali zaidi kuliko wanapokuwa wamelala vyema. Maana yake ni kwamba usiku humpiga mfanyakazi mara mbili. Unaupa mgongo mzigo katika saa ambayo misuli imezubaa, kisha unayafanya maumivu yanayofuata yahisiwe kwa ukali zaidi.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautambua usiku. Unaanza saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Asilimia tano ni kidogo, lakini hata hiyo inahitaji mshahara wa msingi ili ihesabiwe. Kuli analipwa kwa gunia. Hana saa ya kuingia wala ya kutoka. Fuso ndiyo zamu yake. Gari likipasua tairi Kitonga, zamu imehama kutoka saa sita hadi alfajiri na hakuna aliyemuuliza.

Hapa nitaleta ugomvi kidogo na watafiti, ambao wengine ni marafiki zangu na wataninunia. Chombo kikuu cha kuhesabu maumivu ya misuli na mifupa kazini ni dodoso lililotungwa nchi za Nordiki mwaka 1987. Lina mchoro wa mwili uliogawanywa sehemu tisa, na maswali mawili makubwa: umepata tatizo hapa katika miezi 12 iliyopita? Katika siku 7 zilizopita? Ni chombo kizuri, kimesaidia sana. Lakini ukileta dodoso hilo sokoni likiwa limetafsiriwa neno kwa neno, unauliza "mgongo wa chini." Hakuna mtu anayeumwa mgongo wa chini. Watu wanaumwa kiuno. Na wanaume wengi wa Pwani hawasemi hata kiuno, wanasema ngiri, au mshipa, maneno yanayobeba mambo mengi kwa pamoja: henia, korodani kuvimba, kiuno kukaza, hata mashaka ya nguvu za kiume. Mwanamume wa namna hiyo akiulizwa na binti wa chuo mwenye karatasi na kalamu kama ana tatizo la mgongo atajibu hapana, tena kwa moyo mweupe. Ameshajitibu, ana chupa ya mizizi nyumbani. Mwingine amekwenda kwa mtaalamu wa kupiga chuku, damu nyeusi imetoka, anajihesabu amepona. Wa tatu anameza vidonge viwili vya diklofenaki kabla ya kila gari, na kwake hiyo si dawa ya maumivu, ni sehemu ya vifaa vya kazi, sawa na ngata.

Kosa la pili ni la saa. Dodoso hufika sokoni saa nne asubuhi. Waliopakua usiku wamelala, au wamekwenda kutafuta kibarua cha pili. Wanaokutwa ni wauzaji.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, na si geni. William Ogle, mkuu wa takwimu katika ofisi ya msajili wa vizazi na vifo Uingereza, alilieleza tangu mwaka 1885: kazi nzito huchagua wenye nguvu mlangoni, na anayeumia hutoka kwenda kutafuta kazi nyepesi, kwa hiyo ukiwahesabu waliomo utadhani kazi ile inatia afya. Uwanda wa uchukuzi wa mizigo ni mfano wake kamili. Ukienda sokoni leo ukawapima makuli 200 utakuta vifua vipana, mapigo ya moyo mazuri, maumivu ya hapa na pale. Waliovunjika hawapo. Yuko mmoja Kilosa anauza karanga, mwingine yuko kwa dada yake Korogwe, amekaa upenuni, mguu wa kushoto una ganzi. Hakuna orodha ya walioacha, kwa sababu hakukuwa na orodha ya walioingia. Utafiti wetu, kwa sehemu kubwa, ni picha ya waliosalia.

Na picha hiyo ndiyo iliyozaa ile kauli ya vijiweni kwamba kuli hana haja ya gym, yeye kazi yake ni mazoezi. Pieter Coenen wa Amsterdam na wenzake walikusanya tafiti nyingi na kuchapisha mwaka 2018: wanaume wenye kazi za kutumia mwili sana walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 18 ile ya wenye kazi nyepesi, wakati mazoezi ya starehe yanajulikana kurefusha maisha. Wakaliita kinzano. Haki itendeke, miaka mitatu baadaye Wanorwe walifuatilia watu zaidi ya 437,000 wakapata karibu kinyume chake: ukishaweka kando sigara, elimu na hali ya maisha, wanaume wa kazi za mwili waliishi muda mrefu kidogo zaidi. Wataalamu bado wanavutana. Mimi nauona mvutano huo kama wa watu wenye bahati. Kazi nzito ya Norwe ina kikomo cha uzito, ina toroli, ina mapumziko, ina pensheni. Lolote watakalokubaliana kuhusu mbeba mizigo wa Bergen halinisaidii kumwelewa wa Mabibo. Anayekimbia ufukweni jioni akichoka anasimama. Kuli akichoka, Fuso bado ina magunia 60.

Kuna utafiti mmoja wa nyumbani ambao ulizunguka dunia nzima. Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliandika mwaka 1986 kwamba wanawake wa Kiluo na Kikuyu waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia hewa ya ziada. Ni kazi ya kisayansi iliyonyooka, na ilistahili sifa zote ilizopata. Tatizo ni lililofuata mitaani: Waafrika wana siri ya kubeba. Walichopima ni pumzi. Shingo haikupimwa, diski haikupimwa. Unaweza kubeba kwa pumzi nafuu na ukaharibu pingili kwa bei ghali. Tena asilimia 20 ya mtu wa kilo 60 ni kilo 12, mtungi mdogo wa maji. Yule mzee alikuwa amebeba uzito wake mara mbili, kama si zaidi.

Tumekuwa wepesi wa kusifia mabega tangu zamani. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, Wanyamwezi hasa, walibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kutoka bara hadi Bagamoyo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Waingereza wakakusanya wachukuzi kwa mamia ya maelfu kwenye kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Waliokufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, wanakadiriwa kuzidi 90,000. Jina la kikosi hicho tunalitamka kila siku tukipanda daladala: Kariakoo, na ndugu yake wa Nairobi, Kariokor. Soko kubwa kuliko yote nchini lina jina la wabeba mizigo. Makarani wa kikosi kile walikuwa na daftari lenye majina mengi na namba. Kuli wa leo hana hata hilo.

Niseme pia kuhusu dawa inayopendwa na ofisi: semina. Watu wanaitwa, wanaonyeshwa picha ya mchoro wa mtu anayepiga magoti vizuri, mgongo umenyooka, alama ya tiki ya kijani. Sina haja ya kuwadhihaki wanaoziendesha, wana nia njema, na mimi mwenyewe niliwahi kuhudhuria moja nikapewa kofia. Lakini mapitio ya majaribio, ya timu ya Kifini mwaka 2008 na ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupitia tafiti za tiba, miaka mitatu baadaye, hayakupata ushahidi kwamba kufundisha namna ya kunyanyua huzuia maumivu ya kiuno. Ukifikiri kidogo unaona kwa nini. Uzito wa gunia haukuamuliwa na anayelibeba. Uliamuliwa shambani, na aliyelisuka lile kichwa la kamba, kwa sababu ushuru na nauli vilihesabiwa kwa gunia na kila mtu katika mnyororo ule alitaka gunia moja libebe mengi. Kumfundisha kuli kupiga magoti ni kumpelekea aliye mwisho wa mnyororo bili ya wote waliomtangulia.

Na hapo ndipo lumbesa linapoonekana kwa sura yake kamili. Linamwibia mkulima robo ya gunia, sawa. Linamwibia na kuli, kwa njia ileile kabisa: analipwa kubeba gunia moja, anabeba gunia moja na robo. Wizi ni mmoja, walioibiwa ni wawili, na aliyepewa utetezi bungeni ni mmoja.

Anayesema waende wakadai fidia hajajaribu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi Julai 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008, na kwa aliyeajiriwa rasmi ni msaada wa kweli. Unaanza kwa swali jepesi: mwajiri wako nani? Kuli anageuka. Mwenye viazi yuko Makambako. Dereva amelipwa kufikisha. Dalali anauza kwa niaba. Soko linakusanya ushuru. Kila mmoja alimtumia usiku ule, hakuna aliyemwajiri. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 ina kifungu kinachosema mtu achukuliwe kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo ikiwa, kwa mfano, amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kifungu kizuri, kimeandikwa kwa ajili ya vibarua wa kiwandani. Saa za kuli zimegawanyika kwa magari 70 ya watu 70.

Kwa hiyo naona mlango mmoja tu unaofunguka kirahisi, nao ni gunia lenyewe. Gunia halihitaji mkataba wa ajira. Linapimwa njiani, kwenye mizani zilezile za barabarani, na wakaguzi walewale wa vipimo ambao sheria imeshawapa meno. Kinachotakiwa ni OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na Wakala wa Vipimo wakae meza moja, kikomo cha mazao ya kubebwa kwa mabega kishushwe kutoka 100 hadi 50, na sababu ya kiafya iandikwe kwenye kanuni kwa herufi za kuonekana, ili siku mfanyabiashara atakaposema mkulima ameridhia lumbesa kwa hiari yake, bado kuwe na kiuno cha mtu wa tatu ambaye hakuridhia. Wale wanaolia kwamba gharama za usafirishaji zitapanda wakumbuke kwamba sukari na saruji vinasafiri kwa 50 miaka yote na vinafika.

Nilidhani nina hoja iliyokamilika. Wiki iliyofuata nikarudi sokoni, nikamkuta yule mzee amekaa juu ya ngazi ya choo cha kulipia, anakunywa kahawa kwenye kikombe kidogo, anajichua kiuno kwa kiganja cha mkono wa kushoto bila mwenyewe kujua kwamba anajichua. Nikamsalimia, nikamweleza habari ya magunia ya kilo 50.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Marahaba, mwanangu, nimekuelewa," akasema. "Sasa hilo la 50, kulibeba watalipa nusu?"

Ni swali ambalo watafiti wa kiwanda kimoja cha magari nchini Kanada walikwishaligusa mwaka 1998 kwa namna yao. Waliona kwamba maumivu ya kiuno yalifuata mambo mawili, kila moja kivyake: uzito wa juu kabisa unaoukuta mgongo kwa mara moja, na jumla ya uzito wote wa zamu nzima. Gunia la 50 linashusha la kwanza. La pili linategemea bei. Likilipwa nusu, mzee atapanda ubao mara mbili na zaidi ili apate ugali uleule, diski zilezile zikamuliwe taratibu badala ya kwa kishindo. Likilipwa kama gunia zima, wenye mali watatafuta toroli, na vijana nusu watakosa kazi.

Nilimwambia bei itabidi chama chao kikae na madalali. Akauliza chama gani. Honi ikalia nyuma yetu, akamalizia kahawa kwa funda moja, akaitoa ngata mfukoni.